Kabla ya kuwapeleka watoto Ngomeni

KUTOKA Kipevu hadi Fort Jesus ni safari ya matatu moja na mwendo mfupi wa miguu. Hata hivyo, wako watoto wengi upande huu wa Changamwe wanaomaliza shule ya msingi bila ya kuingia ndani ya ngome hiyo hata mara moja. Wameiona vitabuni. Wameipita wakienda Mji wa Kale. Lakini ukiwauliza wazazi sababu ya kutoingia, wengi watakwambia kwamba makumbusho ni mahali pa watalii.

Mimi pia nilikuwa na dhana hiyo, hadi Jumamosi moja nilipoamua kuwachukua wanangu watatu. Sikuwaambia lolote ila, "Vaeni viatu, twende Fort Jesus." Tulifika saa sita mchana, jua la utosi. Kitinda mimba alitaka maji. Kifungua mimba alikimbia kutoka mzinga mmoja hadi mwingine na kuupanda kama punda. Mimi nikawa nasoma maandishi ya ukutani kwa sauti kama mwalimu wa zamu, na nikadhani hakuna anayenisikiliza. Baada ya dakika arubaini tulikuwa nje, wakidai madafu.

Aliyenitia aibu ni yule wa katikati, msichana wa miaka tisa. Kumbe alikuwa akinisikiliza. Tulipokuwa kwenye matatu tukirudi, aliniuliza, "Baba, mle ndani mna Wareno, mna Waarabu, mna Waingereza. Sisi tulikuwa wapi?"

Nilimwambia anyamaze kwanza, nitamweleza tukifika nyumbani. Tulipofika sikumweleza, kwa sababu sikuwa na jibu.

Mpenzi msomaji, swali hilo lilinikosesha raha kwa siku kadhaa. Lilinifundisha kwamba kosa halikuwa la watoto wala la makumbusho. Kosa lilikuwa langu, niliyewapeleka wageni mahali palipo pao. Tulirudi tena miezi mitatu baadaye, na safari hiyo ya pili ilianzia hapa hapa Kipevu.

SOMO LA KWANZA LIKO UFUONI

Mwanzo wa ngoma ni lele, na mwanzo wa makumbusho ni kile ambacho mtoto anakijua tayari. Mtoto wa Kipevu anajua meli. Basi wiki moja kabla ya safari, watoe jioni jua likishapoa, mwende mahali pa juu panapoonekana maji. Hakuna haja ya kusogelea sehemu za bandari zenye ulinzi. Kutoka mbali mtaona kituo cha makontena ambacho awamu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 2016, na gati jipya la mafuta lililofunguliwa mwaka 2022.

Hapo usiwahutubie. Waulize. Meli hizi zinaleta nini? Zinaondoka na nini? Nani anayezilinda, na nani anayepata faida? Mtoto ambaye mzazi wake au jirani yake hufanya kazi bandarini atakujibu bila ya kufikiri: ngano, magari, mafuta na mitumba huingia, chai na kahawa hutoka.

Sasa mwambie kwamba kisiwa cha Mombasa kina bandari mbili. Hii ya upande wetu ni Kilindini, na jina lenyewe linajieleza, maana kilindi ni mahali penye maji ya kina kirefu. Upande wa pili wa kisiwa kuna Bandari ya Kale. Huko ndiko kulikotia nanga majahazi kwa mamia ya miaka, yakiletwa na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi na kurudishwa na upepo wa kusi. Meli kubwa za chuma zilipoanza kuja, zilihitaji kina, na biashara ikahamia Kilindini.

Fort Jesus imejengwa kwenye mlango wa ile bandari ya kale. Aliyeishika ngome aliweza kuamua meli gani iingie na gani isiingie. Mtoto anayeyajua malango ya bandari na walinzi wake atalielewa jambo hilo mara moja, hata kabla hujataja jina la Mreno yeyote.

Mkirudi nyumbani, wape karatasi wachore kisiwa na bara. Waweke alama tatu: nyumba yetu, Makupa, na Ngome. Ramani hiyo waje nayo siku ya safari.

MAKUPA NI SEHEMU YA SAFARI

Watoto wetu huvuka Makupa wakiwa wamelala au wakitazama video ya matatu. Siku hiyo waamshe. Waambie kwamba zamani, kabla ya kuwepo kwa daraja lolote, hapa ndipo palipovukwa kwa miguu maji yakipwa. Kwa hiyo adui aliyetoka bara alipitia hapa, na Wareno waliweka ngome ndogo ndogo za kupalinda.

Mwaka 1589 wapiganaji waliojulikana kama Wazimba walikuwa wamepiga kambi upande huu wetu wa bara, wakingoja nafasi ya kuvuka. Wareno, waliokuwa wakipigana na mji na Waturuki waliokuwemo, wakawaachia wavuke. Mji ukaangamia. Miaka minne baadaye, yaani 1593, Wareno wakaanza kuijenga Fort Jesus.

Waambie pia kwamba kazi ya kutandaza reli ya Uganda ilianzia kisiwani mwaka 1896, ikavuka kwenda bara, na ikafika Kisumu mwaka 1901. Na kwamba kwa miaka mingi barabara ya Makupa ilipita juu ya tuta lililozuia maji kupita, mpaka lilipofunguliwa daraja jipya mwaka 2022. Yote hayo ni historia, na mtoto anaiona dirishani kwa nauli ile ile.

SISI TULIKUWA WAPI?

Hapa ndipo mzazi anapotakiwa kufanya kazi ya kusoma kabla ya siku kufika. Mimi nilisoma, na haya ndiyo niliyompelekea binti yangu.

Kwanza, jina la Changamwe halikuanza na kituo cha matatu. Katika mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, matatu huitwa Thelatha Taifa: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tunapoishi pana jina katika orodha ya wenye mji.

Pili, ni kweli kwamba ramani ya ngome ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo aliitawala Ureno pia. Lakini mawe yenyewe ni matumbawe ya pwani hii hii, na sehemu ya ngome imechongwa katika mwamba uliokuwepo.

Tatu ni kisa cha Yusuf bin Hassan, na hiki watoto hawakisahau. Babake alikuwa Sultani wa Mombasa, akauawa. Yusuf, akiwa bado mtoto, alichukuliwa na Wareno hadi Goa, akalelewa huko, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo. Aliporudishwa kutawala, hakuwa huru. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ndani ya Fort Jesus, akamuua kamanda wa Kireno na kuitwaa ngome. Mwaka uliofuata aliiacha na kuondoka, na Wareno wakarudi. Muulize mwanao: ungekuwa wewe umepelekwa mbali na kwenu ukapewa jina jingine, ungerudi ukiwa nani?

Nne ni vita vikubwa vya kuzingirwa kwa ngome na Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Watu wa Mvita walikuwa wamewaomba Waomani wawasaidie dhidi ya Wareno. Lakini ndani ya kuta vilevile walikuwemo watu wa pwani. Maradhi yaliua zaidi ya silaha. Ilipofika Agosti 1697, kamanda wa Kireno alikuwa amekufa, na ngome ikabakia mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake wachache, wanaume wanane wa Kiafrika na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Hao ndio walioilinda mpaka msaada ulipofika mwezi uliofuata.

Binti yangu aliposikia hayo, aliacha kula. "Wanawake hamsini?" Ndiyo, nikamwambia, wanawake hamsini.

Usimfiche mtoto kwamba watu wetu walikuwa pande zote mbili. Atakuuliza nani alikuwa mbaya na nani mwema, na huenda usiwe na jibu fupi. Hakuna ubaya. Ubaya ni kumjaza hadithi za kutisha zinazosimuliwa barabarani ambazo wewe mwenyewe hujui zimetoka wapi. Ukweli peke yake unatosha: kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia ngome hiyo kama jela. Mwaka 1962 ndipo ilipofunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikatiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

VYUNGU VYA NYANYA

Watoto wengi huchoshwa na vigae na vyungu vilivyopangwa nyuma ya vioo. Dawa yake iko jikoni. Siku mbili kabla, mkusanyie mtoto vitu vinne au vitano: chungu, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, kawa, mtungi kama upo. Mwambie avishike, avinuse, akueleze kila kimoja kina kazi gani. Nyanya akiwa karibu, mwachie yeye mazungumzo.

Kisha muulize: nyumba hii ikifukiwa na mchanga kwa miaka 400, mtu atakayeichimba ataona nini? Nguo zitakuwa zimeoza. Ukindu utakuwa umeoza. Chungu kitabaki. Hapo ataelewa kwa nini makumbusho yana vyungu vingi, na kwa nini kigae cha sahani ya Kichina kilichofukuliwa pwani hii kinaweza kueleza biashara ya mji mzima.

Mwandalie pia habari ya meli ya Santo António de Tanná. Ilikuwa meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati wa vita vile vile. Ikalala chini ya maji hadi wapiga mbizi walipoanza kuichimba mwaka 1977. Vitu vilivyotolewa humo vimo makumbushoni.

SIKU YENYEWE

Yafuatayo ni mambo madogo, lakini ndiyo yaliyoharibu safari yetu ya kwanza.

Ondokeni asubuhi, kabla jua halijawaka. Mpike mahamri usiku, mbebe maji, na kila mtoto avae viatu asivyoteleza navyo na kofia. Kuta ni ndefu na chini ni mbali. Mwambieni mapema kwamba hapandi ukutani wala juu ya mzinga. Ada ya raia ni nafuu kuliko ya mgeni, na ya mtoto ni nafuu kuliko ya mtu mzima, lakini ulizeni kiwango kabla ya kutoka. Simu iwe na pesa, kwa maana ada za serikali siku hizi aghalabu hulipwa kwa simu.

Msijaribu kuona kila kitu. Sisi tulikubaliana vitu vitatu: mifupa ya nyangumi kwa ajili ya mdogo, michoro ya meli iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno kwa ajili ya mkubwa, na kwa binti yangu, mahali pa kusimama na kutazama baharini. Kila mmoja alikuwa na daftari na swali moja aliloandika mwenyewe. Tulikaa ndani karibu saa tatu na hakuna aliyetaja madafu.

Binti yangu alisimama juu ya ukuta unaoelekea bahari, akafungua ramani yake, akatafuta upande wa Kipevu uliko. Halafu akasoma swali lake: "Wale wanawake hamsini, majina yao ni nani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba katika yote niliyosoma sikuyaona. Jina la kamanda limeandikwa. Jina la Bwana Daud limeandikwa. Yao sikuyaona.

Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Na mama yake Nyanya, aliitwa nani?"

Hilo nalo sikulijua. Lakini safari hii sikumwambia anyamaze. Jioni ile ile, kabla hata ya kuvua viatu, tulikwenda kwa mama yangu na daftari, naye akatutajia majina mpaka ya bibi wa bibi yake, na kijiji alikozaliwa kila mmoja.

Wazazi wenzangu, baada ya Fort Jesus kuna magofu ya Jumba la Mtwana na ya Gede, na Lamu kuna makumbusho yake, yote chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nendeni mkijaaliwa. Lakini kabla ya kutafuta nauli, kaeni na watoto mwapashe habari za hapa mlipo. Mwacha asili ni mtumwa, na mtoto hawezi kuishika asili ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha.