Wasichana wa Afghanistan

Asubuhi ya tarehe 23 Machi 2022 wasichana wa Afghanistan walirudi katika shule za sekondari, zilizofungwa tangu Watalibani washike utawala Agosti 2021. Saa chache baadaye waliamriwa kurudi nyumbani, wengine wakilia. Tangu hapo msichana amalizaye darasa la sita hana shule tena. Desemba 2022 vyuo vikuu vilifungwa kwao. Desemba 2024 hata masomo ya ukunga na uuguzi.

Tufikiri kidogo hapo, sisi tulio na mama na wake. Katika nchi ile, mahali pengi, mwanamke mwenye mimba hahudumiwi na mganga mwanaume. Wakunga wa leo watakapozeeka, ni nani atakayepokea watoto? Na watawala hao walipokelewa na mikono ya nani?

Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko La Haye, ilitoa hati za kuwakamata wakubwa wao wawili. Mwezi ule ule Urusi iliitambua serikali yao. Mataifa mengine yalinung'unika, yakanyamaza. Nao walimu wa kike wangali wakifundisha mabinti kwa siri, majumbani mwao.