Jasho la Bi Hawa

Kila Jumamosi asubuhi, binti mmoja wa Kiunguja anayesomea sheria Dar es Salaam huteremka Mlimani na kupanda daladala kwenda kujitolea katika kituo cha msaada wa kisheria. Hana cheo huko. Huandika jina la aliyefika, husikiliza shauri lake, kisha humpelekea wakili maelezo yaliyonyooka. Siku hiyo wenzake hulala, hufua, au hukusanyika kujizoeza kesi ya kuigiza, ambayo naye alikuwa mmoja wa wasemaji wake hadi walipochoka kumngoja wakampa nafasi mwingine. Hakulalamika. Lililomwelemea ni bumu, kama wanafunzi wanavyoziita fedha zao za kujikimu: likichelewa, nauli ya Jumamosi hutoka katika chakula cha Ijumaa.

Siku tano sheria humfikia kwa Kiingereza. Siku ya sita humbidi aitoe kwa Kiswahili. Watu hudhani kazi hii ya pili ni nyepesi, maadamu Kiswahili ndiyo lugha aliyoinyonya kwa mamaye. Si nyepesi hata kidogo. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania Bara, lakini hukumu kubwa za miaka iliyotangulia, zile anazokesha akizisoma, zimelala katika Kiingereza chake cha zamani.

Jumamosi moja aliketi mbele yake mama wa makamo, aliyeachwa baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa. Hakuwahi kuajiriwa wala kushika biashara, na nyumba ina jina la mume. Binti alifurahi moyoni, kwani jibu alikuwa nalo: kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachoitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi.

"Mama, mchango wako katika nyumba ile ulikuwa upi?"

Mama akaanza kuhesabu harusi. Alichangia ya wifi yake, ya mtoto wa jirani, na msiba wa shemeji. Kisha akasita. "Mchango wa nyumba hatukupitisha, mwanangu."

Kamusi haikukosea. Ila neno nalo lina mtaa wake, na mtaa huo binti aliusahau. Akaiweka kalamu chini.

"Jasho lako, mama. Lilimwagika wapi katika nyumba ile?"

Hapo mama alisema kwa muda mrefu. Alisema juu ya maji aliyoyateka ya kuchanganyia saruji, mafundi aliowapikia, watoto wanne, na mama mkwe aliyepooza, aliyemgeuza kitandani usiku na mchana hadi siku ya kuzikwa kwake. Binti aliandika hadi karatasi ikajaa. Alipokuwa akiandika, alimkumbuka mamaye mwenyewe huko Unguja, aliyetoka katika nyumba ya mume na sanduku moja. Sheria ile ya 1971 haivuki bahari. Visiwani, ndoa za Waislamu na talaka zao hupelekwa kwa Kadhi. Lakini swali la jasho hakuna aliyepata kumuuliza mamaye, wala yeye binti yake.

Alipomaliza, akamsimulia mgeni wake habari za Bi Hawa Mohamed, aliyedaiana na Ally Sefu hadi Mahakama ya Rufani, na ya kwamba katika shauri hilo la mwaka 1983 mahakama ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni sehemu ya kuichuma mali.

Mama akatikisa kichwa polepole. "Na huyo Bi Hawa, alipata?"

Darasani swali hilo hupitwa upesi, kwani kinachotakiwa katika mtihani ni kanuni. Bi Hawa aliishinda hoja akalikosa fungu, kwa ajili ya fedha alizokwisha kupewa na mumewe, ambazo mahakama iliona amezitapanya.

"Hakupata, mama."

Mama akakaza fundo la kanga yake, akaisogeza karatasi mbele ya binti.

"Haya, nisomee tena hapo pa maji."