Masisi–Walikale: Mchezo wa vita, ngazi sita, na koko aliyeuliza kuhusu chumvi

WALIKALE – Siku ile familia moja ilipoondoka Nyabiondo, wilaya ya Masisi, kila mtu alibeba alichoweza. Koko alibeba mtungi wa mafuta ya mawese na blanketi. Mjukuu wake mdogo, mvulana wa miaka 15, alibeba maharagi ya mbegu. Mjukuu mkubwa, kijana wa miaka 23, alibeba mfuko mweusi mgongoni. Ndani yake mlikuwa na karatasi zake za shule na laptopu kuukuu aliyoinunua Birere, mjini Goma, wakati akisoma huko.

Walipofika Kashebere, wakitaka kupika, ndipo ikajulikana kwamba sufuria ilibaki nyumbani.

"Umebeba chuma kisichopikiwa," koko alimwambia, "umeacha chuma kinachopikiwa."

Hakusema zaidi. Waliazima sufuria kwa watu wengine waliokuwa njiani, maana njia ilijaa watu. Ilikuwa Februari 2025. Masisi-centre ilikuwa imeingia mikononi mwa M23 tarehe 4 Januari, na Goma mwisho wa mwezi huohuo. Waliokuwa kwenye kambi pembeni ya Goma walikuwa wakiambiwa warudi makwao, na waliokuwa makwao walikuwa wakikimbia. Familia hii ilipita Kibua, ikapita Mpofi, ikashuka kutoka kwenye baridi ya milima hadi kwenye joto la msitu. Walifika Walikale-centre miguu imevimba. Mama mmoja mjane aliwapa chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Hakuwa akiwajua. Aliona tu koko amekaa chini kando ya barabara na hawezi kusimama tena.

Katika chumba hicho ndipo ile laptopu iliwaka tena.

Ndani yake kulikuwa na mchezo mmoja tu, mrefu, ambao kijana alipewa na rafiki yake wa Goma. Unaitwa Skyrim. Ulitengenezwa na kampuni ya Marekani iitwayo Bethesda, ukatoka tarehe 11 Novemba 2011, na mpaka leo kuna watu duniani wanaoucheza tangu mwaka ule na hawajaumaliza. Unaanza ukiwa mfungwa, mikono imefungwa, umepakiwa kwenye mkokoteni. Nchi ni ya milima. Imegawanyika kwa vita: upande mmoja jeshi la ufalme, upande mwingine waasi wanaosema nchi ni yao. Njiani kuna wanyang'anyi, na vijijini kuna watu wanaolalamika kwamba mtoto wao alikwenda vitani hakurudi.

"Yaya," mdogo aliuliza siku ya kwanza, "waliotengeneza hii walifika Masisi?"

Betri ilidumu saa moja na nusu. Kuichajisha kwenye sola ya jirani kulihitaji pesa, na pesa ilipatikana pale kijana alipopata kazi ya kubeba mizigo sokoni. Kwa hiyo mchezo ulikuwa mara mbili kwa juma, jioni, watoto wa mtaa wakijaa mlangoni. Wa Walikale na wa Masisi walikaa pamoja, na hakuna aliyemwuliza mwenzake ametoka wapi.

Mchezo ule una ngazi sita za ugumu, na mchezaji anaweza kubadilisha ngazi wakati wowote, hata katikati ya mapigano. Kwenye ngazi ya tatu, ambayo ni ya kawaida, pigo lako na pigo la adui vinahesabiwa jinsi vilivyo. Kwenye ngazi ya kwanza pigo lako linazidishwa mara mbili, na la adui linakatwa nusu. Ukipanda juu mambo yanageuka. Kwenye ngazi ya sita unapiga kwa robo tu ya nguvu zako, naye adui anakupiga mara tatu.

Mdogo alipenda ngazi ya kwanza. Alikata watu kama anafyeka shamba. Watoto walishangilia. Alikuwa hajaingia shuleni tangu Januari, na hakuna aliyejua ataingia lini. Jioni moja, akiwa bado ameshika mashini, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kuna vijana wawili wa kwetu wanaondoka kesho. Wamepata kikundi. Wanapewa bunduki na chakula. Na mimi naweza."

Watoto walinyamaza. Koko, aliyekuwa akichambua sombe, hakuinua kichwa, lakini mikono yake ilisimama.

Kaka yake hakumgombeza. Katika familia nyingi za Masisi kugombeza mtoto wa miaka 15 kuhusu jambo hilo ni kumfungulia mlango aondoke usiku. Alichukua mashini, akaingia mahali pa kupanga mchezo, akapandisha ngazi hadi ya sita, akamrudishia.

"Endelea," alisema.

Mvulana alikufa. Akarudi pale alipokuwa amehifadhi mchezo, akafa tena. Mnyang'anyi yuleyule aliyekuwa akimwangusha kwa pigo moja sasa alimmaliza yeye kabla hajapiga mara tatu. Alipofika mara ya kumi alisukuma mashini pembeni.

"Umeiharibu, yaya. Sasa hii si vita, ni kuuawa tu."

"Na hao vijana wawili, waliulizwa wanataka ngazi gani?"

Mvulana hakujibu. Ilionekana somo limeingia. Lakini koko hakuridhika. Aliacha sombe, akasogea, akaangalia kioo kwa muda. Alikuwa hajawahi kukiangalia vizuri.

"Huyu mtu wenu," aliuliza, "anakula saa ngapi?"

Walicheka. Kijana alimweleza kwamba chakula kipo, ila ni cha kuponya vidonda tu. Mtu huyo anaweza kutembea mwezi mzima bila kula.

"Analala wapi?"

"Si lazima alale, koko."

"Kule juu ninaona barafu. Hasikii baridi?"

"Hasikii."

"Chumvi anatoa wapi?"

Kijana alikosa jibu. Koko alirudi kwenye sombe yake.

"Basi hata ngazi yenu ya sita si vita," alisema. "Mimi nimekimbia mara nyingi tangu 1993. Sijawahi kupigwa panga. Nilizika mtoto kwa sababu ya kuhara na mwingine kwa sababu ya baridi ya usiku mmoja. Mnapanga ugumu wa panga. Ugumu si panga. Ugumu ni chumvi."

Wenye umri wake katika Masisi na Walikale wanaukumbuka mwaka huo vizuri. Machi 1993 mauaji yalianzia Ntoto, huko Walikale, yakasambaa Masisi, na watu wakajifunza kuhama. Waliozaliwa baadaye walijifunza kuhama kabla ya kujifunza kusoma. Na kweli, ukichunguza mchezo ule, koko alikuwa amegusa jambo ambalo wachezaji wengi hawalioni: ngazi zile sita zinabadilisha uzito wa mapigo tu. Bei sokoni haibadiliki. Njia hairefuki. Mvua haina habari nawe.

Usiku ule kijana alikumbuka kwamba katika nakala yake kuna njia nyingine ya kucheza ambayo hakuwahi kuigusa. Waliotengeneza mchezo waliiongeza mwaka 2017, miaka sita baada ya kuutoa. Ni njia ya kuhangaika na maisha. Ukiiwasha, njaa inakula nguvu zako za kukimbia. Baridi inakula afya yako. Uchovu unaingia, na usipolala hupandi cheo hata ufanye nini. Vidonda haviponi vyenyewe. Mzigo unaoweza kubeba unapungua, na hata mishale, ambayo zamani haikuwa na uzito, inahesabiwa. Tena ile njia ya kugusa ramani na kufika mji wa mbali kwa kufumba na kufumbua inafungwa. Unatembea.

Waliiwasha mara iliyofuata. Koko aliitwa akae mbele.

Tangu hapo mchezo ulibadilika sura. Hakuna aliyeuliza tena nani amemuua nani. Koko alikuwa akitoa amri: usipande mlima huo jioni, tafuta moto kwanza, usile nyama mbichi, hilo panga la pili la nini, liache, beba supu. Alipoona nyumba yenye moshi alisema, "Piga hodi." Na mvulana, ambaye wiki mbili nyuma alikuwa akifyeka watu, alitumia jioni nzima kuvuka bonde moja bila kupigana na yeyote, akifika kwenye nyumba ya wageni mtu wake akitetemeka, na watoto wote mlangoni walipiga makofi alipomlaza kitandani.

Wale vijana wawili waliondoka bila yeye.

Katikati ya Machi vita ilifika Walikale. Tarehe 19 risasi zilisikika, na M23 wakaingia mjini. Watu wa Walikale-centre, waliokuwa wakipokea wahami tangu Januari, wakawa wahami wao wenyewe. Mama mwenye nyumba alisimama katikati ya chumba chake akishika picha ya ndoa kwa mkono mmoja na redio kwa mkono mwingine. Alikuwa mgeni wa jambo hilo.

"Mama, acha picha," kijana alimwambia kwa heshima. "Chukua chumvi, kiberiti, turubai na sufuria. Picha tutaifukia."

Walichimba shimo nyuma ya choo. Picha ya ndoa na laptopu vilifungwa pamoja kwenye mfuko wa plastiki, vikafukiwa. Safari hii sufuria ilikuwa juu ya kichwa cha kijana. Mvulana alibeba chumvi. Waliingia msituni watu sita: wale watatu wa Masisi, mama yule na watoto wake wawili. Usiku wa kwanza mama alitaka kuendelea kutembea kwa sababu ya hofu. Koko alimwambia aketi, moto uwashwe mdogo, watoto wale kitu kabla hawajalala. "Leo wewe ndiye mgeni wangu," alisema.

Mwanzoni mwa Aprili wapiganaji waliondoka Walikale-centre na watu wakaanza kurudi kidogokidogo. Nyumba ya mama ilikuwa imevunjwa mlango. Shimo halikuguswa. Picha ilitoka na doa pembeni. Laptopu ilitoka na maji.

Walimpelekea fundi wa simu na redio. Aliifungua mbele yao, akaiweka juani sehemu baada ya sehemu. Mvulana aliinama akauliza kila kimoja ni nini. Fundi alimwonyesha vipande vidogo vya manjano, vidogo kuliko punje ya mchele. Alisema ndani yake mna madini ya tantali, na tantali inatoka kwenye koltani. Akamwonyesha risasi nyeupe iliyoshikilia vipande vyote na kumwambia hiyo ni bati, inatoka kwenye kasiteriti.

Ndugu msikilizaji wa Masisi hahitaji kuelezwa koltani inatoka wapi. Rubaya, ambayo iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, inakadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya koltani ya dunia nzima. Na wa Walikale wanaijua Bisie na kasiteriti yake. Mwaka 2000, vifaa vya umeme vilipohitajika sana duniani, mashini za michezo zikiwemo, bei ya koltani ilipanda ghafla, na vijana wengi wa Masisi na Walikale waliacha shule na mashamba wakaingia kwenye mashimo. Mwaka uliofuata bei ikaanguka.

Katika mchezo ule pia kuna machimbo. Mtu anachukua sururu, anapiga jiwe, anapata madini. Katika ngazi zote sita, na hata ukiwasha njaa na baridi, udongo haumfukii mchimbaji hata mara moja.

"Kwa hiyo mashini hii ilitoka kwetu, ikaenda, ikarudi," mvulana alisema.

"Ilirudi ikiwa na bei," fundi alijibu, na watu waliokuwepo wakacheka.

Mashini iliwaka baada ya siku nne, lakini betri ilikuwa imekufa na mchezo waliokuwa wamehifadhi ulipotea. Haikuwahuzunisha sana. Mvulana alikuwa ameshaanza kupita kwa fundi kila asubuhi, anafagia, anashika taa, anajifunza kuyeyusha bati. Halipwi, anapewa bugali saa sita. Shule ikifunguliwa kaka yake anataka arudi. Kama hao vijana wawili wako hai, hakuna aliyepata habari zao.

Koko na wajukuu wake bado wako kwenye chumba kile nyuma ya nyumba. Mama mwenye nyumba amepachika picha yake ukutani, na chini ya picha ameweka kopo la chumvi lenye kifuniko, ambalo halipikiwi. Ni la safari, kama itatokea.

Katika mchezo, ukizidiwa, unaingia mahali pa kupanga na kujishushia ngazi wewe mwenyewe. Masisi na Walikale hakuna anayeweza kujishushia. Anayeweza ni mwingine: aliyekuazima sufuria Kashebere, aliyekufungulia chumba Walikale, aliyekuketisha msituni akawasha moto. Familia nyingi zinazosoma habari hii ziko kwa watu sasa hivi, na nyingine zimewapokea watu. Wewe msikilizaji, nani alikushushia ngazi yako? Na yeye, leo amekula?