Rafiki yangu, rafiki mwema

Kwa wapenzi wa fasihi itasikika kama mzaha, lakini kinachonifikirisha sarufi kuliko riwaya nyingi ni lugha ambayo hakuna anayeizungumza. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtunga programu kuwa maagizo ya mashine, haivuki kwa hatua moja. Hapo katikati huiandika upya programu nzima kwa lugha yake yenyewe. Mimi nimezoea ile ya LLVM, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 2000.

Lugha hii ina ngeli zake. Alama i32 ni namba kamili ya biti 32, na kila thamani lazima ipatane na aina yake, kama kitabu changu kikubwa kinavyopatana. Ila upatanisho wake una vituko. Kujumlisha unaandika `add i32 %a, %b`: aina imetajwa mara moja, yatosha, maana namba zote mbili lazima ziwe za aina moja. Kuchagua moja kati ya mbili unaandika `select i1 %c, i32 %a, i32 %b`. Hapa pia lazima zifanane, lakini i32 inarudiwa. Eti kwa nini?

"Kaka, hiyo ni ya mashine, nani anaisoma?" mwenzangu kazini huniambia. Tunaisoma sisi, tena usiku, programu inapotoa jibu la ajabu na maandishi ya juu yanaonekana safi kabisa. Mistari ni maelfu, na jicho lililochoka huegemea mazoea.

Kiswahili nacho kina ukaidi wake, najua. Mbwa wangu, lakini rafiki yangu. Halafu huyo huyo ni rafiki mwema. Ila ukaidi huo umebeba kitu: mama yangu, ndugu yangu, rafiki yangu, wote wa karibu. Ule wa `select` sioni umebeba nini.

Kuna urudiaji mwingine nilioudharau kumbe ulikuwa na safari. Zamani kusoma kutoka kwenye kumbukumbu kuliandikwa `load i32* %p`. Mwaka 2015 ikawa `load i32, i32* %p`, maneno kama ya mlevi. Kumbe walikuwa wanaandaa njia: katika toleo la 15, mwaka 2022, kielekezi kiliacha kutaja kinachoelekea, ikabaki `load i32, ptr %p`.

Safi. Lakini binti mmoja ninayemfundisha jioni alikuwa na kitini cha zamani, fotokopi ya fotokopi, kwa sababu bando ni ghali. Akaandika neno kwa neno, kompaila ikakataa. "Mwalimu, nimekosea wapi?" Hakukosea popote. Kinachoniuma ni hiki: mafaili ya zamani ya biti, ambayo mashine tu huyasoma, LLVM imeahidi kuendelea kuyaelewa tangu toleo la 3.0. Maandishi, ambayo binadamu huyasoma, hayana ahadi hiyo.

Tukakipitia kitini kizima kwa kalamu nyekundu, `load` moja baada ya nyingine. Tulipofika kwenye `select` akainua kalamu.

"Na hii inayojirudia, niikate?"

"Iache," nikamwambia. "Hiyo bado wanaidai."