Betri ya Bodaboda Itakuwa Mali ya Nani?

Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza ni kampuni ipi itakayoshinda katika biashara ya magari ya umeme, Tesla au BYD. Huwajibu kwamba swali hilo limeruka hatua. Kabla kampuni hazijashindana barabarani, serikali huwa zimekwisha kuamua nani aingie uwanjani na nani abaki nje.

China ni mfano ulio wazi. Mwaka 2015 wizara yake ya viwanda ilianza kutoa orodha ya watengenezaji betri iliowaidhinisha, na gari lililotaka ruzuku lilitakiwa kutumia betri zao. LG na Samsung za Korea Kusini hazikuwamo. Orodha ilipofutwa mwaka 2019, CATL ya China ilikuwa imeshakuwa jitu. Marekani nayo, mwaka 2024, ilipandisha ushuru wa magari ya umeme ya China hadi asilimia 100. Hao ndio wanaotuhubiria soko huria.

Majirani zetu wamesoma mchezo huo. Rwanda iliondoa kodi za magari ya umeme na betri mwaka 2021, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali sharti ziwe za umeme. Kenya, mwaka 2023, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri.

Nyumbani kwetu Kingerikiti, wilayani Nyasa, chombo cha usafiri ni bodaboda. Ndiyo inayobeba kahawa, mbolea na mgonjwa katika milima ile. Mpwa wangu anaendesha pikipiki ya mkataba: hesabu ya mwenye pikipiki kila siku, petroli ya chupa juu yake. Nilipomweleza habari za pikipiki za umeme hakuuliza mwendo wala bei. Aliuliza, “Mjomba, sasa hiyo betri inakuwa ya nani?”

Sijasikia swali zuri kuliko hilo katika semina yoyote. Betri ndiyo sehemu ghali zaidi, kwa hiyo kampuni nyingi za Kigali na Nairobi hubaki nazo. Dereva hununua pikipiki, kisha hulipa kila anapobadilisha betri katika kituo cha kampuni. Kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya nyingine. Jijini, dereva asiyeridhika anaweza kuhamia kwa mshindani pikipiki yake ikichakaa. Lakini kata yenye madereva wachache haiwezi kulisha vituo viwili. Atakayetangulia kujenga chake ndiye atakayepanga bei, na mpwa wangu atakuwa amebadilisha bosi tu.

Wengi wanaoishauri serikali yetu huishia kuomba msamaha wa kodi. Siupingi, ingawa anayeuomba atueleze pia Mfuko wa Barabara utajazwa na nini tozo ya mafuta ikipungua. Ila msamaha usio na masharti humsaidia aliyetangulia kujenga ukuta. Tuna mfano bora wa kwetu. Mitandao yetu ya simu ilianza kuunganisha huduma za pesa mwaka 2014, Vodacom ikajiunga 2016, na leo mtu hutuma fedha kwa mteja wa mtandao mwingine bila kufikiri. Wakala mmoja kijijini huhudumia mitandao kadhaa chini ya mwavuli mmoja. Kituo cha betri kinaweza kuwa hivyo.

Vyombo vya kufanya kazi hiyo tunavyo. Shirika la Viwango (TBS) linaweza kupanga umbo la betri na kichomeo chake. Tume ya Ushindani ina sheria yake tangu 2003. Umeme nao upo, kwani Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115. Kwa hiyo ninyi mlioko wizarani, mnapoandika msamaha wowote wa kodi kwa pikipiki za umeme, ongezeni kifungu kimoja: anufaike yule tu ambaye kituo chake kitahudumia betri za wenzake, kwa bei iliyobandikwa ukutani.