Geji ya gadi

Nimekuwa kimya, na sababu ni treni. Si treni ya kweli, ni ile ya kwenye kompyuta.

Mnajua ninaishi hapa Sagana, na reli ya Nairobi hadi Nanyuki inapita mjini kwetu. Tangu ilipokarabatiwa mwaka 2020 nimekuwa nikijenga kipande cha Karatina hadi Sagana ndani ya simuleta moja ya treni ambayo msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuubadilisha. Ni mteremko kwelikweli: Karatina iko juu ya Sagana kwa zaidi ya mita 500.

Sasa, kila niliposhuka na mabehewa 14 ya mizigo, treni ilinishinda. Nafunga breki, mwendo unapungua, naachia. Mwendo unapanda, nafunga tena. Mara ya tano au ya sita breki hazishiki, stesheni ya Sagana naipita kama mshale! Na kila nilipoachia, kipimo kwenye skrini kilirudi upesi hadi 70, yaani paundi 70 kwa inchi ya mraba. Bomba limejaa, breki hakuna. Nikasema hii ni hitilafu ya programu. Wiki mbili nikapekua hesabu za breki mstari kwa mstari, nisione kosa.

Nina jirani, mzee aliyekuwa gadi wa treni za mizigo. Nikamwita atazame. Akauliza, "Kijana wangu, hii geji ni ya wapi?"

"Ya kwenye kichwa cha treni, Mzee."

"Na ya gadi iko wapi?"

Hapo nikashtuka. Breki ya upepo aliyoibuni Mmarekani George Westinghouse miaka ya 1870 hufanya kazi kinyume na wengi wanavyodhani. Upepo ukijaa bombani, breki huachia, ukipungua, hufunga. Nguvu ya kufunga hutoka kwenye tangi dogo la kila behewa, na tangi hilo hujazwa polepole kupitia bomba hilohilo. Ukifunga na kuachia harakaharaka, matangi hayapati nafasi ya kujaa. Mbele geji inasoma 70, nyuma pengine 58. Ndiyo maana gadi, kwenye behewa lake la mwisho, alikuwa na geji yake.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akataja Igandu. Huko Dodoma, Tanzania, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyopata matatizo ya breki ilirudi nyuma mlimani ikagongana na treni ya mizigo. Zaidi ya watu 280 walikufa.

Kumbe hesabu zilikuwa sahihi. Programu ilijua upepo wa kila behewa, ila skrini ilionyesha wa mbele tu. Usiku huo nikaweka jedwali la mabehewa yote 14. Mzee akacheka: "Nani atasoma yote haya huku treni inakimbia?" Nikalifuta. Sasa kuna geji moja yenye mishale miwili, mweupe wa mbele na mwekundu wa nyuma, na chini yake mstari unaoonyesha akiba ya behewa lenye upepo mdogo kuliko yote. Mishale ikiachana, unajua bado hujawa tayari kufunga tena.

Jumamosi Mzee alishika usukani, au tuseme kibodi. Alifunga breki kidogo kabla mteremko haujakolea, akaiacha hivyohivyo, macho kwenye mshale mwekundu. Alisimama Sagana, mbele ya jukwaa.

Mimi bado naipita stesheni mara mojamoja, lakini siku hizi naona kosa langu kabla halijanifikisha huko. Wiki ijayo, nikijaliwa, nitawaonyesha msimbo wenyewe.