Ngozi ya Mjusi

Msomaji wangu, yaelekea nawe umepata kumfukuza mjusi ukutani kwa ufagio. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi, kwa hiyo usidhani kwamba anayekuandikia ni mtu mwenye mapenzi ya pekee kwa viumbe wa namna hiyo. Lakini mwaka huu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aishiye na wazazi wake Leicester, Uingereza, aliniletea kwa simu picha ya mjusi na maneno haya: "Shikamoo mjomba. Mama asema ulikulia Matulo na wawajua wanyama. Mjusi wangu amebadilika rangi. Je, atakufa?"

Nusura nicheke. Kwetu Matulo, karibu na Webuye, tulifuga ng'ombe, kuku na mbwa. Mjusi hakuwa na thamani wala jina la kuitwa. Hata hivyo sikucheka, kwa maana nina deni la zamani kwa mjusi mmoja, na hilo ndilo nililokusudia kukusimulia.

Nalikuwa na umri wa miaka tisa. Nyuma ya mlango wa jiko la nyanya yangu, ambaye sisi humwita kukhu, nilimkamata mjusi mchanga wa aina ile ihamayo pamoja na watu katika nyumba zao, mjusi kafiri. Mkia wake ulikuwa na pete nyeusi zilizopangika vizuri, nami nikapendezwa nazo. Nalimtia katika mkebe mtupu wa Kimbo, nikatoboa kifuniko kwa msumari, nikamlisha nzi na kumbikumbi. Kwa kuwa nilidhani kila kiumbe kidogo huona baridi, niliuweka mkebe juu ya dari ya jiko, penye moshi na ukavu wa moto wa mchana kutwa. Maji sikumpa. Nani amepata kumwona mjusi akienda kisimani?

Siku ya sita au ya saba rangi yake ilififia. Mwili wote ukawa mweupe kama uliopakwa majivu, pete za mkia zikapotea. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa na choa kichwani, ugonjwa ambao watoto wa kwetu huuita mashilingi kwa sababu ya umbo lake kama sarafu, na mama alikuwa akinipaka dawa kila jioni. Basi nikapata akili ya daktari: ngozi yangu yaugua na ngozi yake yaugua, na dawa ipo. Nikampaka. Nilipoona utando mweupe ukiinuka mgongoni, nikaushika kwa kucha na kuuvuta. Mgongoni ulitoka kwa urahisi. Vidoleni haukutoka, nami nikavuta kwa nguvu zaidi.

Kesho yake nilimweka ukutani ili nimtazame akipanda, akaanguka. Nikamweka tena, akaanguka tena. Baada ya siku mbili alikufa.

Kukhu hakunipiga. Alimwangalia mjusi kiganjani mwangu, akasema, "Alikuwa akivua shati lake. Mbona ulimvua kabla hajafungua vifungo?" Jioni ile akanisimulia kisa ambacho wazee wa Kibukusu wamekisimulia tangu zamani, jinsi kinyonga alivyomwomba mtu chakula akanyimwa, akawalaani wanadamu wawe wa kufa, kisha akamwendea nyoka, akakaribishwa, akambariki awe akijivua ngozi kila azeekapo na kuendelea kuishi. Sikulala vizuri usiku ule. Niliona kwamba nimemnyang'anya yule mdogo ile baraka yenyewe.

Miaka mingi ilipita kabla sijajifunza lililotukia. Mijusi wote hujivua ngozi, na aliye mchanga hujivua mara nyingi zaidi kwa kuwa anakua upesi. Rangi hufifia siku chache kabla, wala si ugonjwa. Lakini ngozi ya kale huhitaji unyevu ili iachane na mpya. Mahali pakavu husalia vidoleni, hukauka na kukaza kama uzi uliofungwa, damu isipite, hata kidole kikafa na kukatika. Mjusi kafiri hupanda ukuta kwa nyayo zake zenye vikunjo vyenye vinyweleo vyembamba mno, na nyayo zile ndizo nilizoziharibu kwa kucha zangu.

Mjusi wa mpwa wangu ni wa ukoo mwingine. Waingereza humwita kwa jina la chui. Asili yake ni nchi kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi ya Bara Hindi, na aliyempa jina la kitaalamu, lenye maana ya mwenye madoa, ni Edward Blyth, mwaka 1854, alipokuwa mtunza makumbusho Calcutta. Huyu ana kope, hufumba macho alalapo, wala hawezi kupanda ukuta laini. (Anao ndugu hata katika sehemu kavu za Kenya, lakini usiende kuwatafuta: sheria yetu ya mwaka 2013 yakataza kufuga mnyama wa porini bila kibali.) Tena, azaliwapo hana madoa hata kidogo. Ana mikanda mipana, mweusi na wa manjano, na kadiri akuavyo mikanda huvunjika-vunjika ikawa madoa. Mtu asiyejua huona upele unaenea.

Nikamwandikia mpwa wangu aache kutazama mgongo, atazame kwingine. Je, anakula? Mkia, ambao ndio ghala lake la mafuta, ni mnene, au umekonda kama kijiti? Mkia ukikonda na kinyesi kikawa cha majimaji, huenda vijidudu vimeingia matumboni, na hapo hapana wakati wa kupoteza. Miguu imenyooka, au imepinda kwa kukosa chokaa mifupani? Mwisho nikamwambia achukue kioo cha kukuzia ahesabu vidole, kimoja kimoja, na asivute kitu chochote kwa mkono.

Alijibu usiku uleule. Mjusi anakula, mkia ni mnene. Mikanda ya mgongoni imeanza kukatika, na juu yake kuna weupe. Nikamwagiza amwekee kijisanduku chenye tambara lililoloweshwa maji ya vuguvugu, apate pa kuingia mwenyewe. Asubuhi ikaja picha ya pili: mjusi ameshika kipande cha ngozi yake mdomoni, akiila, kama ilivyo desturi yao, na mgongo wang'aa.

Ila katika mguu wa nyuma, upande wa kushoto, kidole cha mwisho kina pete nyembamba nyeupe, na mbele ya pete ile kimekuwa cheusi. Dada yangu ameahidi kumpeleka kwa daktari wa mifugo Jumanne. Leo ni Jumapili, na mtoto ameniuliza mara tatu kama kidole kitapona. Nimemwambia ukweli, kwamba huenda kikakatika, na kwamba mjusi wa aina yake aweza kutembea bila kidole kimoja. Habari za yule wa mkebe wa Kimbo bado sijamwambia.